Ngama: Neno la Kumfaa Mnunuzi wa Boti Kuukuu

Tangazo la kuuza boti kuukuu ya kabini halikosi picha za mambo mazuri: kitanda kilichochongoka kufuata umbo la omo, jiko dogo la gesi, usukani uliong'arishwa, na jua likizama ziwani. Mahali panapomwambia mnunuzi kama chombo ni kizima au ni kioza kilichopakwa rangi hapapigwi picha. Pako chini ya sakafu, chini hata ya injini, penye giza na harufu ya mafuta. Kwa Kiingereza mahali hapo huitwa bilge. Mabaharia wa majahazi ya pwani yetu walipaita ngama, na sioni sababu ya kutafuta jina jingine.

Ngama ni sehemu ya chini kabisa ya ndani ya chombo, juu ya mkuku, ambamo maji yote yasiyotakiwa hukusanyika: yaliyovuja kwenye maungio, ya mvua, ya mawimbi yaliyoruka ubavuni. Katika jahazi shehena haijazwi hadi chini kabisa. Huachwa nafasi ya kumwezesha baharia kuingia na upo wake, ateke maji na kuyamwaga nje. Kazi hiyo huitwa kufua maji. Kijana wa leo akisikia kufua atafikiria sabuni na kamba ya kuanikia, lakini kwa baharia kitenzi hicho kina kazi yake ya zamani, na pampu ya umeme inayotapisha maji ya boti ya kisasa nayo inafua maji vilevile.

Wapo wanaopendekeza tuseme “tumbo la boti” au “sehemu ya chini ya chombo.” Tumbo ni pana mno, kwani kabini yenyewe iko tumboni. “Sehemu ya chini” nayo yaweza kuwa upande wa nje, ule unaogusa maji na kuota mwani, na mkaguzi akiandika hivyo katika ripoti mwenye boti hatajua aanzie ndani au nje. Ngama haina utata huo. Pia inazaa: maji ya ngama, pampu ya ngama, feni ya ngama, kizibo cha ngama. Istilahi isiyoweza kuzaa watoto hivi huishia kwenye kamusi.

Tuipime kwa mfano wa Ziwa Michigan, Marekani, ambako soko la boti za aina hii ni kubwa. Samoni wa Pasifiki walianza kupandikizwa kwa mafanikio katika ziwa hilo na jimbo la Michigan mwaka 1966, kwanza wale waitwao koho, kisha 1967 wakafuata chinuki, ambao ni wakubwa zaidi. Chinuki hupenda mwanga hafifu. Huuma vizuri kabla ya jua kuchomoza na baada ya kuzama, kwa hiyo wavuvi huburuza gizani chambo cha bati chenye umbo la kijiko, kilichopakwa rangi inayong'aa. Anayetoka mbali hana haja ya kuamka saa nane usiku aendeshe gari hadi bandarini ikiwa anaweza kulala humo humo chomboni. Ndiyo maana boti ya kabini ya futi 24 hadi 28, ya miaka ya 1980 au 1990, inawavutia wengi: bei yake haikaribii ya mpya, na ile isiyozidi upana wa futi 8 na inchi 6 huvutwa barabarani kwa tela bila kibali maalumu cha mzigo mpana.

Mnunuzi akifika, afungue kifuniko cha injini kabla ya mlango wa kabini. Aangalie ngama kwa tochi. Maji kidogo si ajabu. Ajabu ni rangi yake. Yakiwa na utando wa rangi za upinde wa mvua, kuna mafuta yanayovuja. Kukiwa na mstari wa uchafu ubavuni mwa ngama, juu ya kitako cha injini, basi maji yaliwahi kupanda hadi hapo, na kilichofunikwa siku hiyo, pengine stata, pengine nyaya, kinadaiwa maelezo. Mimi humshuku zaidi muuzaji ambaye ngama yake imepakwa rangi mpya juzijuzi ilhali viti bado vimechanika.

Boti nyingi za umri huo zina ganda la faibaglasi, lakini ndani ya faibaglasi kumefichwa mbao: boriti ndefu zinazobeba injini, na plaiwudi iliyo ndani ya ukuta wa tezi. Hapa maji baridi ya ziwa hayana huruma. Chumvi ya baharini huzuia kwa kiasi fulani ukungu unaoozesha mbao. Mabaharia wa pwani walihangaishwa zaidi na wadudu wanaotoboa. Maji ya ziwa na ya mvua yakituama ngamani na kupenya kwenye tundu la skrubu lisilozibwa vizuri, ubao huoza polepole huku ganda la nje likibaki linang'aa. Kipimo chake ni nyundo ndogo ya plastiki. Igonge boriti hatua kwa hatua ukitega sikio: penye uzima hulia kwa sauti kali na fupi, na palipooza sauti hudorora. Kwa upande wa injini, ziwa lina neema yake, maana chumvi haijala mifereji ya kupozea. Lakini majira ya baridi ya kaskazini yana hatari isiyojulikana Mombasa wala Mwanza: maji yaliyosahauliwa ndani ya injini huganda, hutanuka na kupasua chuma. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imechanganyika na maji, na injini hiyo inahitaji fundi kabla ya mnunuzi.

Sasa njoo kwenye kulala, maana anayelala kabini amelala jirani na ngama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukivuja kwenye bomba hauruki, hushuka ngamani na kutulia humo ukisubiri cheche. Ndiyo sababu boti za petroli zenye injini ya ndani zilizoundwa Marekani baada ya Julai 31, 1980 zinatakiwa na sheria ziwe na feni ya ngama, pamoja na kibandiko cha kumwagiza nahodha aiendeshe kwa angalau dakika 4 kabla ya kuwasha injini. Iwashe feni hiyo siku ya ukaguzi, uweke mkono kwenye tundu la kutolea hewa. Nimeona feni inayonguruma vizuri huku bomba lake limechomoka na kulala chini, hivyo halivuti chochote. Hata ikifanya kazi, pua bado inahitajika: inama, nusa ngama kabla ya kugusa ufunguo. Kaboni monoksidi ya jenereta au ya moshi wa injini ndiyo isiyonusika, na boti ya kulala isiyo na king'ora cha gesi hiyo inunuliwe kwanza king'ora, vyombo vya uvuvi baadaye.

Pampu ya ngama nayo ina hesabu yake. Zile ndogo huuzwa kwa kiwango cha galoni 500 kwa saa, yaani takriban lita 31 kwa dakika, tena hicho ni kipimo cha kiwandani. Ikisukuma maji kwenda juu kupitia bomba lenye kona hutoa pungufu. Tundu la upana wa sentimita mbili na nusu, likiwa nusu mita chini ya maji, laweza kuingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika. Mpira wa mikunjo unaopitisha mtambo wa propela nyuma ya tezi ukichanika, ni tundu la namna hiyo au kubwa zaidi. Pampu ndogo ni ya kufua mvua na majasho ya chombo. Isitegemewe kuokoa boti.

Wavuvi wa usiku wana udhaifu wa ziada: umeme. Taa, friji na mashine ya kutafutia samaki hunyonya betri saa nyingi injini ikiwa imezimwa. Ikiwa pampu inategemea betri hiyo hiyo, itakufa pamoja na taa, wakati watu wamelala. Boti iliyofungwa nyaya vizuri ina betri ya kuwashia injini iliyotengwa na ya matumizi, na swichi ya boya, ile inayoinuka na maji na kuiamsha pampu, imeunganishwa moja kwa moja na betri, ili anayezima swichi kuu asiizime pampu bila kujua. Inua boya kwa kidole swichi kuu ikiwa imezimwa. Pampu isipolia, punguza bei au ondoka.

Mwisho ni kizibo cha ngama, kipande cha shaba au plastiki kwenye tezi kinachochomolewa boti ikiwa juu ya tela ili maji yatoke. Mwombe muuzaji asikichomoe hadi ufike, kisha kichomoe mwenyewe juu ya ndoo safi. Ndoo ni ya kukusanyia ushahidi, na pia ya kukinga mafuta, kwa sababu sheria ya Marekani inakataza kumwaga ziwani maji ya ngama yenye mafuta, na boti ya futi 26 au zaidi hutakiwa kubandika ndani yake bango la kukumbusha hivyo. Ukimaliza kuangalia, kirudishe na ukikaze kabla ya tela kurudi nyuma kuelekea majini.