Mtawazaji: Istilahi ya Mwenye Kuwapa Wengine Enzi

Waingereza wana jina walimpalo mtu asiyekalia kiti cha enzi, na pengine asiyetamani kukikalia, lakini hapana akikaliaye ila kwa msaada wake. Na jina hilo, kingmaker, ambalo limeshikamana hasa na Richard Neville, bwana wa Warwick, aliyemsaidia Edward wa Nne kuutwaa ufalme mwaka 1461, kisha akamgeuka na kumrudisha Henry wa Sita mwaka 1470, akauawa vitani huko Barnet mwaka uliofuata, limekuwa istilahi ya wanasiasa na, jambo ambalo bwana huyo asingalilidhania, ya wabunifu wa michezo pia. Katika michezo ya mezani ichezwayo na watu watatu au zaidi, istilahi hiyo humtaja yule ambaye tamaa yake ya kushinda imekwisha katika, ilhali hatua moja iliyombakia mkononi ndiyo itakayoamua ni nani miongoni mwa wenziwe atakayeshinda. Bao letu limesalimika na balaa hii, kwa kuwa huchezwa na wawili tu. Lakini katika michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika na kusafiri naye katika nchi ya kubuniwa, maana ya neno ni pana zaidi, na mfano bora niujuao ni wa mchezo uitwao Dragon Age: Origins, uliotolewa mwaka 2009 na kampuni ya BioWare ya Kanada.

Katika mchezo huo mna mji wa Orzammar, wa watu wafupi wakaao chini ya ardhi, ambao mfalme wao Endrin Aeducan amefariki na kuacha baraza la mabwana likigombana juu ya mrithi. Upande mmoja yuko Bhelen, mwana wa mfalme, mwerevu, mwingi wa hila, ambaye njia yake ya kukifikia kiti ilipitia katika kifo cha nduguye mkubwa na uhamisho wa ndugu yake wa pili. Upande wa pili yuko Harrowmont, mzee mstahiki aliyekuwa mshauri wa marehemu, asemaye kwamba mfalme alipokuwa akikata roho alimwusia enzi isiende kwa Bhelen. Mchezaji hakuja kuwahukumu. Yeye amekuja na mikataba ya kale kudai jeshi la kupigana na mazimwi yanayoiangamiza nchi ya juu, akaambiwa kwamba jeshi halitoki mpaka mfalme apatikane. Na baada ya kutumwa huku na huku na mgombea aliyemchagua, na kushuka hata kwenye njia za giza zilizoachwa tangu zamani, hurejea barazani na taji mkononi, akaulizwa ampe nani.

Hapa ndipo ubunifu wa kazi hii unapodhihiri, kwa maana yeyote atakayetawazwa atatoa jeshi lile lile, na kwa hiyo maslahi hayamsaidii mchezaji kuchagua, bali huachwa peke yake na dhamiri yake. Mwenye kupenda adili humwelekea Harrowmont. Lakini hatima isomwayo mwishoni, baada ya vita kwisha na mchezaji kukosa nafasi ya kubadili neno lolote, humwonyesha mzee huyo akiufunga mji na kuyakaza matabaka, ambapo Bhelen, aliyeanza utawala wake kwa kuamuru mshindani wake auawe na akaishia kulivunja baraza, hufungua biashara na watu wa juu na kuwalegezea minyororo wale wasio na tabaka, wanaozaliwa na kufa wakiwa na chapa ya fedheha usoni. Na zaidi ya hayo, mchezaji huanza safari kwa asili moja kati ya sita: akizaliwa katika nyumba ya Aeducan, yeye ndiye yule ndugu aliyehamishwa, na taji analoombwa ni la msaliti wake, akizaliwa miongoni mwa wenye chapa, dada yake amekuwa suria wa Bhelen na amemzalia mtoto wa kiume. Taji ni moja, lakini uzito wake haulingani katika mikono hiyo miwili.

Mtu huyu tumwiteje kwa Kiswahili? Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "mfanya wafalme", nayo hainiridhishi, kwani inamfanya mfalme kuwa kama kitu kitokacho katika karakana. "Mpaji enzi" ni tamu masikioni, ila neno mpaji Waswahili wamezoea kulitaja pamoja na Mwenyezi Mungu, na kumvika sifa hiyo mchezaji ashikaye kipanya ni kumkweza kupita kiasi. "Msimikaji" liko karibu zaidi, lakini humtaja mwenye kuongoza ibada na taadhima ya siku ile, awe kadhi, askofu au mzee wa kabila, ambaye aghalabu hakuchagua kitu. Mimi nashika "mtawazaji", kutokana na kutawaza, ambacho ni kitenzi cha kusababisha kilichozaliwa na kutawala kama kulaza kilivyozaliwa na kulala: mtawazaji ni asababishaye mwingine atawale. Najua wako watakaotabasamu, kwa kuwa watu wa pwani hutamka kutawaza vile vile kwa maana ya kujisafisha kwa maji; lakini muktadha hutosha kuyatenga mambo haya mawili.

Wala neno hili halitakuwa geni katika tarikhi yetu. Unguja, mwezi Agosti 1896, Sayyid Hamad bin Thuwaini alipofariki, Khalid bin Barghash aliingia kasri na kujitangaza sultani. Waingereza, waliomtaka Hamoud bin Muhammed, waliipiga kasri mizinga tarehe 27, na vita visivyotimia saa moja vikamweka kitini mtu wao siku ile ile. Aliyetawazwa ni Hamoud, watawazaji ni wenye manowari, na tofauti ya majina hayo mawili humweleza msomaji habari yote.

Kwa mchezo wa mezani, ambao hauna mfalme wala taji, ningependa neno libaki lile lile, na kitendo chenyewe kiitwe utawazaji, ili mchezaji aliyeshindwa akimlalamikia mwenziwe kwamba amempa mtu wa tatu ushindi kwa chuki tu, aweze kuitaja kasoro hiyo kwa neno moja.