Baa Ngapi Zatosha Nairobi?

Desemba 1922, kreti za kwanza za bia iliyopikwa Ruaraka zilifikishwa katika Hoteli ya Stanley. Kiwanda kilikuwa cha ndugu wawili, George na Charles Hurst, na wanywaji walikuwa Wazungu. Mwafrika wa Nairobi hakuruhusiwa kugusa chupa hiyo. Yeye alitengewa ukumbi wa pombe wa halmashauri ya mji huko Pumwani, uliofunguliwa miaka hiyo hiyo, na humo aliuziwa tembo lililopikwa na mji wenyewe.

Mpango huo uliigwa kutoka Durban, Afrika Kusini, ambako tangu 1909 manispaa ilikuwa imehodhi upishi na uuzaji wa pombe kwa Waafrika. Faida ilitumika kugharimia makazi na huduma za Waafrika hao hao. Mlevi wa Pumwani, kwa maneno mengine, alikuwa mlipa kodi. Waliopoteza ni wanawake wa Pangani na Pumwani, ambao kabla ya hapo walipika tembo nyumbani na kujipatia riziki. Baada ya ukumbi kufunguliwa, biashara yao ikageuka kosa la jinai: askari waliingia majumbani, mitungi ikamwagwa, wenyewe wakatozwa faini.

Kwa hiyo, suala la idadi ya vituo vya pombe linalozua mabishano Nairobi leo lina umri wa miaka mia moja. Mkoloni alishaweka kikomo. Tatizo ni kwamba alikiweka kwa ajili ya hazina yake na ubaguzi wake. Afya ya mnywaji haikumhusu.

Uhuru ulipokuja, Mwafrika alikuwa tayari amefunguliwa mlango wa bia ya chupa, na baa zikaenea mitaani. Serikali ilielekeza ukali wake kwa pombe ya maskini. Mwaka 1980, chini ya Rais Daniel arap Moi, Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Upishi haukukoma. Ulihamia kando ya mito na ndani ya vibanda, mahali ambapo hakuna mkaguzi wala kipimo. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya mia moja na kuwapofusha wengine.

Wanaopinga kikomo hupenda kuutaja mkasa huo: ukibana leseni, wanasema, utawasukuma watu kwenye mapango ya pombe haramu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Sheria ya 1980 ilikataza kabisa kinywaji cha mtu wa kipato cha chini na kuacha baa zenye leseni ziongezeke. Kusema kwamba mtaa fulani unatosheka na baa kumi badala ya arobaini ni jambo jingine.

Na sheria ya kulisema hilo ipo. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha mswada wa mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho, uliozaa sheria ambayo Wakenya huiita kwa jina lake. Wengi wanaikumbuka kwa saa zake, baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi, na kwa kuharamisha pombe ya sacheti. Sheria hiyo pia ilihalalisha chang'aa iliyotengenezwa kwa viwango. Kuna kifungu ambacho hakikuzungumzwa sana. Leseni mpya ya baa isitolewe mpaka kamati iridhike kwamba zilizopo hazitoshi mahitaji ya eneo, kwa kuzingatia msongamano wa watu kwa kila kilomita ya mraba na idadi ya juu itakayowekwa kisheria. Tena, baa iwe umbali wa angalau mita 300 kutoka shule ya watoto.

Nambari yenyewe haikuandikwa humo. Kisha Katiba ya 2010 ikakabidhi utoaji wa leseni za pombe kwa kaunti, na hapo ndipo penye mgogoro: anayepaswa kukataa leseni ndiye anayepokea ada yake, na ada hiyo hulipwa upya kila mwaka. Ni mtego ule ule wa Pumwani.

Matokeo yanaonekana Umoja, Kayole au Githurai. Ghorofa moja ina duka la dawa, kinyozi, kanisa juu, na chini vyumba viwili vya mvinyo vilivyopakana. Muuzaji hukaa nyuma ya nondo na kupitisha chupa ya robo katika kidirisha, mkono kwa mkono, huku wanafunzi wakipita na mabegi yao.

Viongozi hushtuka kwa vipindi. Mwishoni mwa 2022 Gavana Johnson Sakaja aliagiza vilabu vya usiku vilivyo katika makazi ya watu viondolewe leseni, baada ya malalamiko ya kelele. Mapema 2023 Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alitaka kila mji wa Mlima Kenya ubaki na baa moja tu. Agizo la jukwaani huvuma wiki moja. Nairobi, yenye watu milioni 4.4 kwa sensa ya 2019, inahitaji idadi iliyopigiwa hesabu wadi kwa wadi, itangazwe hadharani, na ada ya leseni iondolewe mikononi mwa wanaozitoa. Sheria tayari inamruhusu mkazi yeyote kupinga ombi la leseni. Akiwa na idadi hiyo mkononi, atakuwa na hoja ya kuweka mbele ya kamati.