Dini, Uraia na Taifa katika Nyanda za Kati

Agosti 1947 Bara Hindi liligawanywa likawa India na Pakistani. Hoja iliyolipasua ilikuwa kwamba Wahindu na Waislamu ni mataifa mawili. Mzozo huo uliigusa Dodoma kwa karibu. Muhammad Ali Jinnah, baba wa Pakistani, alitoka katika familia ya Khoja (jamii ya Waislamu) yenye asili ya rasi ya Kathiawar, Gujarat. Mohandas Gandhi naye alizaliwa Porbandar, kwenye rasi hiyohiyo. Huko, na Kutch iliyo jirani, ndiko walikotoka wengi wa Waasia wenye maduka waliofuata Reli ya Kati ya Tanganyika.

Uislamu wenyewe uliitangulia reli. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilipita Mpwapwa na Ugogo kuelekea Tabora, ikiwalipa watemi wa Kigogo hongo, yaani ushuru wa njia, ili ipate maji na chakula. Huko Kondoa, Warangi wengi walisilimu. Mwaka 1907, reli ikijengwa, Wajerumani waliasisi mji wa Dodoma. Kufikia 1912 garimoshi lilikuwa likienda mpaka Tabora. Waislamu wa Kiismailia, Wahindu na Masingasinga wakaja kufanya biashara na kazi za reli. Kila jumuiya ilijenga mahali pake pa ibada na kuoana yenyewe kwa yenyewe, lakini wafanyabiashara wao walifungua maduka barabara moja na kumhudumia mteja yuleyule, Mgogo aliyetoka kuuza ng'ombe wake.

Je, mpasuko wa 1947 ungefika huku? Kenya ulifika: mwanzoni mwa miaka ya 1950 orodha ya wapiga kura wa Kiasia iligawanywa, Waislamu kando na wasio Waislamu kando. Tanganyika haikufanya hivyo. Waingereza waliweka kura tatu, kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Januari 1958, katika mkutano wa chama cha TANU uliofanyika Tabora, kiongozi wake Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe waukubali uchaguzi huo japo ulikuwa wa kibaguzi. Kwa kuwa Mwafrika naye alimpigia kura mgombea wa Kiasia, mgombea huyo hakuweza kushinda kwa kutegemea msikiti au hekalu lake. Waliochaguliwa kwa kuungwa mkono na TANU ni pamoja na Amir Jamal, Mwislamu aliyezaliwa Mwanza; Sophia Mustafa, Mwislamu mwenye asili ya Bara Hindi; na K. L. Jhaveri, wakili wa Dar es Salaam.

Mtihani mkubwa ulikuja Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alipinga kwa ukali na kutishia kujiuzulu. Sheria ikapita: aliyezaliwa nchini kwa mzazi aliyezaliwa nchini akawa raia siku ya Uhuru, na wengine wakapewa miaka miwili kujiandikisha. Hakuna aliyeulizwa anasali wapi.

Hata hivyo, kidonda cha rangi na mali kilibaki. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na familia nyingi za Kiasia, za Kihindu na za Kiislamu, zikahama nchi. Baadhi yao walikuwa raia, na machungu yao ni sehemu ya historia yetu. Haki haitimii kwa kufuta ubaguzi wa dini huku ule wa asili ukisamehewa.

Leo Bunge linakaa Dodoma, mji ambao TANU iliuchagua mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kusajili chama cha siasa kinachokusudia kukuza maslahi ya dini, kabila au rangi fulani. Katazo hilo ni zao la uamuzi uliofanywa Tabora 1958 na Dar es Salaam 1961, na watu waliokuwa na nafasi ya kuamua vingine. Kwa hiyo linastahili kufundishwa kama kazi ya siasa iliyofanywa kwa ujasiri. Kizazi kitakachoamini kuwa umoja huu ni tabia tuliyozaliwa nayo hakitajua namna ya kuutetea utakapojaribiwa.