Kuvutia Kifaa Umeme: Istilahi ya Kazi ya Nyuma ya Dashibodi

Kifaa cha ziada ndani ya gari hupata umeme kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchomeka. Plagi ya kamera, ya chaja ya simu au ya pampu ndogo ya upepo inaingizwa kwenye tundu la kuwashia sigara, na kazi ikiisha inachomolewa. Ya pili ni kuachana na tundu hilo: waya wa kifaa unapitishwa nyuma ya dashibodi na kuungwa kwenye nyaya za gari lenyewe, ili kiwake na kuzimika bila dereva kukigusa. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa njia hii ya pili, kilichoundwa kwa kuunganisha neno la ugumu na neno la waya. Kiswahili kina vitenzi vingi vya hatua zake, lakini hakina kimoja kilichokubalika kwa kazi nzima, na anayetafsiri kijikaratasi cha maelekezo hujikuta akibahatisha.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Gari lililotumika Japani hushuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa likiwa na redio ya huko, ambayo kwa miaka mingi FM yake ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali stesheni zetu hutangaza kati ya 87.5 na 108. Ili stesheni za juu zisikike, fundi huweka kati ya antena na redio kidude kinachoitwa ekspanda, na kidude hicho hutaka volti 12 kutoka kwenye gari. King'ora cha wizi nacho ni hivyo hivyo, na kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti pia. Kenya ilipoyalazimisha matatu mwaka 2004 kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, kidhibiti cha kuchomeka kisingekuwa na maana: kitu ambacho dereva anaweza kukichomoa kwa vidole viwili hakimdhibiti.

Tupime basi maneno yaliyopo, tukitumia kazi ambayo siku hizi watu wengi huijaribu wenyewe nyumbani: kuweka kamera ya kurekodi barabara kwenye kioo cha mbele.

Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "uungaji mgumu", na msomaji angedhani anaonywa kwamba kazi haiwezekani. Hiyo tuiweke kando. "Kufunga" ndilo neno la karakana, na ni neno zuri: watu hufunga redio, hufunga king'ora, hufunga taa za ukungu. Kasoro yake ni upana. Kamera iliyobandikwa kiooni na kuchomekwa kwenye tundu la sigara nayo imefungwa, kwa hiyo neno halitofautishi njia mbili tulizoanza nazo. Ukiongeza maneno na kusema "kufunga kwa waya", unaharibu zaidi, maana bampa lililolegea nalo hufungwa kwa waya.

Yanabaki mawili yanayopendwa zaidi na watafsiri: "kuunga moja kwa moja" na "uungaji wa kudumu". Yote mawili yanasikika vizuri, na yote mawili yanaweza kumlaza mtu njiani na betri iliyokufa. Sababu imo ndani ya swichi ya ufunguo.

Gari la kawaida lina umeme wa aina mbili nyuma ya dashibodi. Upo unaotoka kwenye betri saa zote, ufunguo uwepo usiwepo. Huo ndio unaotunza saa ya gari, kumbukumbu ya redio na taa ya ndani. Kwa mafundi huo ndio umeme wa moja kwa moja, au wa kudumu. Upo mwingine unaopita kwenye swichi, unaokuja ufunguo ukizungushwa na kukatika ukirudishwa. Kwenye magari mengi ya Kijapani hatua ya kwanza ya swichi imeandikwa ACC, nayo huwasha redio na tundu la sigara. Hatua inayofuata huwasha mifumo ya injini. Ya mwisho hupiga stata, na wakati stata inazunguka umeme wa ACC hukatwa kwa muda ili betri itoe nguvu zake zote kwenye injini. Ndiyo maana redio hunyamaza kidogo gari linapowashwa.

Sasa mpe fundi karatasi iliyoandikwa "unga kamera moja kwa moja". Atafanya alichoambiwa: atachukua umeme usiozimika. Kamera ya wati 5 kwenye betri ya volti 12 hula takriban ampea 0.4. Si nyingi, lakini kwa saa 24 zinafika karibu saa-ampea 10, na betri ya gari dogo ina kama saa-ampea 45 ikiwa mpya. Gari lililoegeshwa Ijumaa jioni litakuwa limepoteza zaidi ya nusu ya chaji ifikapo Jumatatu asubuhi, na kama betri ni ya zamani, majirani wataitwa kusukuma. Mtafsiri alikusudia kusema "bila plagi". Fundi alisikia "bila ufunguo". "Kudumu" kuna mtego huo huo, kwa kuwa waya unaweza kuungwa kwa kudumu kwenye umeme usiodumu, na kwa kamera ya kawaida hivyo ndivyo inavyotakiwa. Istilahi inayogongana na neno ambalo watu wa kazi wameshalipa maana nyingine haifai, hata kama kamusi haina pingamizi.

Mafundi wenyewe, wanapozungumza, husema nini? Husema "kuvuta umeme". Atainama chini ya usukani, atafungua kifuniko cha fyuzi, na atauliza: "Tuvute wapi?" Neno hili lilikuwepo kabla ya kamera, kwani nyumba nayo huvutiwa umeme kutoka kwenye nguzo, na hakuna anayedhani nyumba hiyo imechomekwa. Hapo tayari tuna tofauti tunayoitafuta: laini imeletwa mpaka kwa mtumiaji, na itakaa.

Kuna jambo kubwa zaidi. "Kufunga" hutazama mahali kifaa kinapokaa. "Kuunga" hutazama pale nyaya mbili zinapokutana. "Kuvuta" hutazama chanzo: ukisikia kwamba umeme umevutwa, swali linalokuja lenyewe ni umevutwa kutoka wapi. Na swali la chanzo ndilo linaloamua kama kazi hii imefanyika vizuri au la. Kubandika kamera kiooni hakumshindi mtu. Kuchagua waya wa kuilisha ndiko kunakotaka akili.

Tazama maswali yanayozaliwa na "wapi". Kwanza, umeme wa ufunguo au wa betri? Anayetaka kamera irekodi gari likiwa linatembea tu atavuta umeme wa ufunguo. Anayetaka irekodi hata gari likiwa limeegeshwa atavuta wote wawili, na atahitaji kigeuzi kinachoshusha volti 12 kuwa 5 na kulinda betri kwa kupima volti zake: betri iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6, na kigeuzi hukata umeme wa kamera zikishuka kufikia kiwango kilichopangwa, mara nyingi karibu na 12, ili zibaki nguvu za kuwashia injini.

Pili, fyuzi ipi? Zile za mifuko ya hewa, za breki na za kompyuta ya injini haziguswi. Ya tundu la sigara au ya redio inafaa, na taa ya kupimia au mita itathibitisha kama ina umeme ufunguo ukiwa umezimwa. Njia safi ya kuvuta hapo haihitaji kuchuna waya wa gari hata mmoja. Fyuzi ya zamani inatolewa, na mahali pake kinaingizwa kiungo chenye makao mawili: moja la fyuzi ile ile ya zamani, jingine la fyuzi mpya ya kamera, pamoja na mkia wa waya wa kupeleka umeme. Kiungo hiki kina upande. Mguu unaogawa umeme ukikaa upande wa betri, kila fyuzi hubeba mzigo wake peke yake. Kikigeuzwa, umeme wa kamera hupita kwanza kwenye fyuzi ya zamani, na fyuzi hiyo hubeba mizigo miwili.

Tatu, fyuzi mpya iwe ya ukubwa gani, na ikae wapi? Fyuzi hailindi kamera, inalinda waya. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa ghafla, na waya mwembamba uliochubuka na kupiga shoti kwenye bati utawaka kabla dereva hajajua kinachonuka ni nini. Fyuzi ya ampea 2 au 3 hukatika kwanza. Ndiyo sababu hukaa jirani na chanzo: sehemu yoyote ya waya iliyo kati ya chanzo na fyuzi haina mlinzi. Rangi za fyuzi bapa zinafuata kawaida moja, nyekundu ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30, hivyo anayebadilisha anaweza kuona kosa lake kwa macho. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, inayozungushiwa fyuzi iliyoungua ili gari lifike nyumbani, haina rangi ya kumwonya mtu.

Umeme ukivutwa lazima urudi, na hapo istilahi nyingine inaingia kwa jina lisilo lake. Waya mweusi wa kamera hubanwa kwenye skrubu iliyoshika bati la gari. Karakana huuita athi, neno la Kiingereza lililozoea Kiswahili, na watafsiri hulirudisha kwenye asili yake na kuandika "waya wa ardhi". Nyumbani ni sawa, kwani upo waya unaoshuka kweli kwenye udongo. Gari limekaa juu ya mpira; bati lake ni njia tu ya kurudisha umeme kwenye betri. "Waya wa bodi" unasema kinachotokea. Wala usiitwe waya wa hasi kana kwamba ni kitu kimoja, maana magari mengi ya Uingereza hadi miaka ya 1960, Land Rover za mwanzo zikiwemo, yalishikisha chanya kwenye bodi. Anayefufua gari la namna hiyo na kuliwekea kifaa cha leo bila kulijua hilo ataunguza kifaa.

Turudi kwenye kuvuta. Kiswahili kina kinyambuo cha kutendea, na hapa kinatufaa: vuta, vutia, vutiwa. Fundi huivutia kamera umeme. Kamera imevutiwa umeme. Kifaa cha kuvutiwa umeme ni kimoja, cha kuchomeka ni kingine. Kazi yenyewe ni uvutaji umeme. Atakuwepo atakayesema "kuvutia" tayari ni kupendeza, kama mandhari yanavyovutia watalii. Kweli, lakini hilo la kupendeza halitaki yambwa ya pili. Umeme ukitajwa, utata unakwisha, na ndani ya gari umeme utatajwa tu.

Lugha ya magari imeshafanya chaguo la namna hii. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa lori, na ulichukuliwa kwa sababu wanaoendesha walishajua kazi yake. Gia, breki na klachi zilikuja na majina yao, zikabaki nayo. Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967 lina kazi ya kusanifisha istilahi, na istilahi iliyoshasanifiwa na midomo ya mafundi inalipunguzia kazi.

Jaribio la mwisho la istilahi ni kuiweka kwenye maelekezo na kuona kama msomaji atafanya lililokusudiwa. Haya hapa, ya kamera yetu:

"Kamera hii inaweza kuchomekwa au kuvutiwa umeme. Ukiivutia umeme, fungua kwanza waya wa betri unaoshika bodi, ili spana ikigusa bati isipige shoti. Vuta umeme wa ufunguo kwenye fyuzi ya redio au ya tundu la sigara, kwa kiungo chenye fyuzi yake ya ampea 2. Umeme wa kudumu uvutwe tu kama unataka kurekodi gari likiwa limeegeshwa. Bana waya wa bodi kwenye skrubu iliyokaza bati lisilo na rangi wala kutu. Waya unaopanda pembeni mwa kioo upite nyuma ya mfuko wa hewa, usiukatize kwa mbele, maana mfuko ukifumuka utaurusha. Kaza kila kiungio kwa kubana, kwa sababu tepu huachia gamu kwenye joto la gari lililoanikwa juani."

Katika maelekezo hayo "umeme wa kudumu" umebaki na maana yake ya karakana, na "vuta" imetokea kila mara pamoja na jina la umeme unaovutwa. Kwa hiyo kidahizo chake katika kamusi kinaweza kuandikwa hivi: vutia umeme, kitenzi: letea kifaa umeme kutoka kwenye nyaya za gari au jengo, kwa waya wenye kinga yake, pasipo kutumia plagi. Kinyume chake: chomeka.