Wimbi la Lisbon na Swali la Siloamu

Tarehe 1 Novemba 1755 ilikuwa Siku ya Watakatifu Wote. Katika jiji la Lisbon, nchini Ureno, makanisa yalijaa watu, na mishumaa ilikuwa inawaka madhabahuni. Kabla ya saa nne asubuhi ardhi ilitetemeka, na mapaa yakawaangukia waliokuwa wakisali. Wengi walionusurika walikimbilia ukingo wa mto Tagus, wakidhani mahali pa wazi ndipo penye usalama. Maji yalirudi nyuma kwanza, hata sakafu ya bandari ikaonekana. Kisha yakaja juu yao. Moto nao ukaliteketeza jiji kwa siku kadhaa. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu.

Wahubiri hawakukawia kutoa maelezo. Mjesuiti Gabriel Malagrida aliandika mwaka 1756 kwamba sababu si ya maumbile, bali ni dhambi za watu wa Lisbon, pamoja na anasa na michezo yao. Huko Uingereza, John Wesley naye aliona hukumu ya Mungu, akiikumbuka damu iliyomwagwa na mahakama ya kanisa iliyowasaka wazushi. Kila mmoja alitazama kifusi kile kile, akaona ndani yake dhambi aliyokuwa akiihubiri tangu zamani. Tusiwacheke. Sisi wachungaji tumesimama kwenye makaburi mengi, na tunajua jinsi jibu la haraka linavyokuja mdomoni.

Lakini mwaka 1756 jambo jingine lilifanyika. Serikali ya Ureno ilipeleka maswali kwenye parokia zote. Tetemeko lilichukua muda gani? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka? Wamekufa wangapi? Mapadre wa vijijini wakajibu kwa kalamu zao, na majibu mengi yametunzwa hadi leo. Hawakuulizwa nani ametenda dhambi. Waliulizwa wameona nini.

Mwaka 1760 John Michell, mwalimu wa Cambridge ambaye baadaye alichunga parokia ya Thornhill hadi kifo chake mwaka 1793, alipeleka andiko lake kwenye Royal Society ya London. Alilinganisha saa ambazo mtikisiko ulisikika mahali mbalimbali, akahitimisha kwamba tetemeko husafiri ardhini kama wimbi. Alikadiria kasi yake kuwa zaidi ya maili 20 kwa dakika, yaani kilomita 32 hivi. Alitoa mfano wa zulia kubwa lililotandazwa sakafuni: ukiliinua upande mmoja na kulishusha ghafla, mwinuko hukimbia hadi upande wa pili, na zulia lenyewe halihami. Kuhusu chanzo alikosea, maana alidhani ni mvuke wa maji yaliyokutana na moto chini ya ardhi. Kuhusu wimbi alikuwa sahihi.

Hapo ndipo ilipo siri ya mawimbi yote. Wimbi linapopita chini ya ngalawa, ngalawa hupanda na kushuka, wala haibebwi hadi pwani. Kinachosafiri ni mwendo na nguvu. Maji hubaki karibu na mahali pake. Wimbi linalozaliwa na tetemeko chini ya bahari hutikisa maji yote tangu sakafuni hadi juu. Penye kina cha mita 4,000 hukimbia kilomita 700 hivi kwa saa, na baharia huenda asilihisi, kwa kuwa limetandaa sana na kimo chake ni kidogo. Likikaribia pwani, sehemu ya mbele hupunguza kasi kwa sababu kina kimepungua, huku ya nyuma ikiwa bado inakuja mbio. Maji hubanana na kuinuka. Kama bonde la wimbi ndilo lililotangulia, bahari hurudi nyuma kwanza. Ndivyo ilivyokuwa Lisbon.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliliona jambo hili Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Krismasi. Ardhi ilitetemeka karibu na Sumatra kabla ya alfajiri yetu, na wimbi likavuka Bahari ya Hindi kwa muda wa saa nyingi. Nchini Kenya habari zilitangulia, na watu wakaondolewa ufukweni. Somalia ilipoteza mamia ya watu, na Tanzania nayo ilizika watu wake. Katika saa zile wimbi lilikuwa njiani, na mtu aliyejua angeweza kumwambia jirani yake akimbie.

Bwana wetu aliulizwa habari za watu waliokufa kwa msiba. Yeye mwenyewe akawataja 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kisha akawageukia walio hai, akawaita watubu. Wimbi halichagui mwenye dhambi. Hufuata kina cha maji, kwa utaratibu ambao Muumba ameuweka. Basi toba yetu iguse hata namna tunavyohubiri msibani. Tuache kuwahesabia waliokufa makosa yao. Tujiulize kama tulijua, na kama tulijua, kama tulimwonya jirani.