Amana na Dhamana: Italia, Umoja wa Mataifa na Ardhi ya Wameru

Huenda msomaji akastaajabu kuona Italia ikitajwa pamoja na Mlima Meru, kwani Waitalia hawakupata kuitawala nchi hiyo. Lakini katika miaka ya 1950 Umeru na pwani ya Benadir zilisimamiwa na chombo kimoja, yaani Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na tofauti ya hali zao yatufunulia maana ya neno lenyewe.

Kiswahili kina maneno mawili yaliyo jirani, yote yenye asili ya Kiarabu. Amana ni kitu awekewacho mtu akitunze, kisha akirudishe kwa mwenyewe. Dhamana ni ahadi ya kumjibia mwingine. Mwenye kutunza amana huulizwa, "Utairudisha lini?" Mdhamini huulizwa, "Umetenda nini?" Wafasiri walipochagua neno "udhamini", walilishika swali la pili, na la kwanza likabaki nje.

Italia iliulizwa yote mawili. Kwa mkataba wa amani wa tarehe 10 Februari 1947 iliyaacha makoloni yake, pamoja na Benadir, ambayo bandari zake Sultani wa Unguja aliikodisha mwaka 1892 na kuiuzia mwaka 1905. Humo umo mji wa Barawa, wenye Chimwiini, ndugu wa lugha yetu. Tarehe 21 Novemba 1949 Baraza Kuu liliamua kwamba Italia irudi Somalia kwa miaka kumi tu, nalo Baraza la Washauri la Kolombia, Misri na Ufilipino likae Mogadishu kuiangalia.

Mapatano ya Tanganyika ya Desemba 1946 hayakutaja mwisho. Basi Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walipoondolewa Ngarenanyuki na nyumba zao kuchomwa moto, ili ardhi ipewe wafugaji wa Kizungu, lilibaki swali la dhamana peke yake. Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alilipeleka New York mwaka 1952. Baraza la Udhamini lilisikitika. Katika Baraza Kuu theluthi mbili za kura hazikupatikana. Nayo ardhi haikurudishwa wakati ule. Mdhamini aliulizwa, akajibu, akaendelea.

Mwaka 1954 ujumbe mmoja wa Baraza ulizuru Somalia na Tanganyika, ukapendekeza Tanganyika ijitawale katika miaka 20 au 25. Uingereza ilikataa kuwekewa muda. Julius Nyerere, mbele ya Baraza mwaka 1955, aliuunga mkono. Somalia ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1960, na Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961.

Hivyo aliyeshindwa vitani alifungwa kwa tarehe, na mshindi akaachwa na ahadi. Haifai kudhani kwamba tarehe ilimfanya Mwitalia kuwa mtawala mwema. Ilimnyima tu nafasi ya kusema kwamba wakati haujafika. Watungao kamusi wangefanya vema kuandika chini ya "udhamini" maana zote mbili, kwani Wameru walijifunza kwa gharama kubwa kwamba dhamana isiyo na amana ndani yake ni maneno matupu.