Viti 13: hesabu ya skolashipu ambayo ejenti hakuambii

Wasee wa Mumbuni, kila jioni nikipita uwanjani nasikia stori ileile: "Nikirefuka kidogo tu, Marekani watanilipia chuo." Ndoto si dhambi. Lakini hii kitu ina historia, na historia yake ni hesabu.

Sisi Wakenya tulianza na mbio. Munich 1972, Kenya ilichukua dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti. Wawili kati ya wale wanne, Julius Sang na Robert Ouko, walikuwa wanafunzi wa North Carolina Central. Mwaka 1978 Henry Rono, akiwa Washington State, akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Nchi nzima ikaamini miguu inalipa karo.

Kile hatukuambiwa ni kwamba kocha naye ana bajeti. Mwaka 1973, NCAA ilifuta ahadi ya miaka minne. Skolashipu ikawa ya mwaka mmoja mmoja. Usipomfurahisha kocha, angeweza kukataa kuirudisha. Ruhusa ya kuahidi miaka mingi ilirudi 2012.

Basketboli ya wanaume, divisheni ya kwanza, ilikuwa na skolashipu 15 kwa timu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikashushwa hadi 13. Na zilikuwa hazikatiki: ukipewa nusu, bado ulihesabiwa kichwa kizima. Riadha ilikuwa na 12.6, lakini huko kocha angeweza kuzigawa vipande kama chapati ya wageni wengi.

Sasa jiweke kwa viatu vya kocha mwenye viti 13. Unamchukua kijana mrefu umfunze, ama mtu aliyeiva? Hasheem Thabeet wa Dar alipewa kiti UConn, akakaa miaka mitatu, na 2009 akachaguliwa wa pili kwa drafti ya NBA. Lakini tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja. Kwa hivyo kiti unachokiota wewe wa Form Four, anakitaka pia jamaa wa miaka 22 aliyecheza misimu mitatu.

Mwaka 2025 hesabu ikabadilika tena. Vyuo vilivyokubali mpango mpya havina kikomo cha skolashipu, ila timu nzima isizidi watu 15. Inasikika poa, sivyo? Lakini yule aliyekuwa akijiunga bila ufadhili, akitumaini kuonekana mazoezini, mlango wake umebana.

Mimi niliacha chuo karo iliponilemea, kwa hivyo sicheki ndoto ya mtu. Nasema tu: kabla mathe auze ng'ombe kumlipa ejenti, uliza maswali matatu. Ni kamili ama kipande? Ni ya mwaka mmoja ama minne? Nikivunjika goti, nani analipa?

Akianza kuzungukazunguka, buda, rudi nyumbani na ng'ombe wenu.